Mpaka kucha mwenzangu

Nikisikia ndege inashuka, nainua brashi.

Si kwa uoga. Fremu yangu iko Area C, na uwanja wa ndege wa Dodoma, kwa wasioujua, hauko porini kama viwanja vya miji mingine. Uko katikati ya mji, majumba ya watu yameuzunguka, na ndege inaposhuka kioo cha saluni kinalia kama mtu anatikisa kopo la misumari. Mteja anashtuka, kidole kinacheza, rangi nyekundu inaingia kwenye nyama. Ndiyo maana nainua brashi, nasubiri ipite, halafu narudi kwenye kucha. Miaka 11 nafanya hivyo, na ndege yenyewe sijawahi kuipanda hata siku moja.

Desemba iliyopita binti wa dada yangu alikuja likizo. Yuko kidato cha tatu. Kazi yake ilikuwa kufagia nywele na kuosha mabeseni ya miguu, lakini muda mwingi alikuwa kwenye benchi na simu yangu, akila bando langu. Siku hiyo nilikuwa nimeshika mkono wa mama mmoja wa wizarani, tuko kwenye kidole cha tatu, nikasikia, "Mama mdogo, kumbe kuna mpaka kucha mwenzako alikuwa rubani."

"Rubani wa bajaji?" akauliza yule mama. Tukacheka wote, nikaharibu kidole cha tatu.

Mtoto hakucheka. Akatuonyesha picha: dada mweusi, amevaa kofia ya ngozi ya marubani, miwani ameipandisha juu ya paji la uso, anamtazama mpiga picha kama mtu aliyeambiwa asubiri na yeye hana mpango wa kusubiri. Bessie Coleman, Mmarekani. Mwanamke wa kwanza mweusi wa Marekani kupata leseni ya urubani, mwaka 1921. Na kabla ya hapo, kweli kabisa, alikuwa anapaka kucha.

Usiku ule nilimsoma mpaka bando likakata. Tangu hapo nimemsoma tena na tena, na kuna kitu kinanikera kwa wanaomsimulia: wote wanaanzia kwenye ujasiri. Alithubutu, aliota, hakukata tamaa. Sawa. Mimi ni mtu wa saluni, naanzia kwenye hela. Na ukimfuata Bessie kwa upande wa hela unamwona vizuri zaidi, mpaka ile siku ya mwisho.

Alizaliwa tarehe 26 Januari 1892 katika kamji ka Texas kanakoitwa Atlanta, siyo ile Atlanta kubwa, akiwa mtoto wa 10 kati ya 13. Familia ikahamia Waxahachie (msiniulize linatamkwaje), wakawa wanaishi kwa kulima na kuchuma pamba. Baba yake alikuwa na damu ya Wahindi Wekundu. Mwaka 1901 alichoka na ubaguzi wa Texas akaenda kutafuta maisha Oklahoma, mama hakumfuata, na watoto wakabaki na mama. Mama akaenda kufanya kazi kwenye majumba ya Wazungu, Bessie akabaki analea wadogo zake. Shule ilikuwa ya chumba kimoja, ya watoto weusi peke yao, maili 4 kwa miguu, na ukifika msimu wa pamba inafungwa, kila mtu shambani.

Kwenye kuchuma pamba inasemekana alikuwa mvivu. Ila hesabu alizijua, kwa hiyo familia ilimpa kazi ya kusimama kwenye mizani mzigo wao unapopimwa, asije mtu akawapunja. Inasimuliwa kwamba msimamizi akigeuza shingo, katoto kalikuwa kanaweka mguu kwenye mizani.

Hapo ndipo nilipompenda. Mimi nimekulia Ikungi, Singida, nyumba ya alizeti. Wanunuzi walikuwa wanakuja na mizani yao, na mizani yao ilikuwa na akili zake: gunia ambalo mama amelishindilia mpaka limevimba, kwao linasoma pungufu kila mwaka. Wakija na lumbesa ndiyo usiseme. Mama alikuwa ananisimamisha pale nisome namba kwa sauti, basi, wajue kuna mtu anaona. Wazo la kuweka mguu halikuwahi kunijia. Nimelijutia nikiwa na miaka 38.

Mwaka 1910 Bessie alikusanya akiba yake ya kufua nguo za watu akaenda chuo cha Langston, Oklahoma. Muhula mmoja hela ikaisha. Akarudi Waxahachie kwenye beseni la kufulia. Ukisoma haraka unaipita sentensi hiyo, mimi niliirudia mara mbili. Kurudi nyumbani ukiwa umeshaagwa, watu wameshachanga, halafu unaonekana tena kisimani na nguo za watu! Dodoma hapa wapo wengi wa namna hiyo, wamekuja chuo, ada ikakata semista ya kwanza, na wengine nimewapokea mimi wakajifunza kusuka.

Mwaka 1915 akawafuata kaka zake Chicago. Akajifunza kutengeneza kucha, akapata meza kwenye saluni ya kiume upande wa kusini wa mji, mtaa wa watu weusi.

Nikae kidogo hapo kwenye meza, maana ndipo ninapopajua. Na mimi nilianzia saluni ya kiume. Mteja ananyolewa, halafu kuna binti wa skrabu na kucha, na watu wana maneno yao kuhusu mabinti wale, mnayajua. Kitu wasichokijua ni kwamba mtu ukimshika mkono kwa dakika 40 hana pa kwenda. Simu hawezi kushika. Atazungumza tu. Nimeshasikia tenda kabla hazijatangazwa, nimesikia nani anauza kiwanja Ilazo kwa sababu ya kesi, nimesikia ndoa zinazovunjika miezi mitatu kabla mwenye ndoa hajajua. Anayepaka kucha anakaa chini ya mteja, kwenye kigoda, na wanamsahau. Bessie alikaa pale miaka kadhaa mbele ya wanaume weusi wenye hela wa Chicago. Mji huo ndiko alikojuana na Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, na Jesse Binga, mwenye benki, ambao baadaye walimsaidia kusafiri. Msomi ataandika kwamba alipata wafadhili. Mimi nasema aliwashika mikono.

Kaka yake mmoja, John, alikuwa amerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza huko Ufaransa. Siku moja akaingia saluni akaanza kumtania mbele ya watu kwamba wanawake wa Ufaransa ndio wanawake, wanarusha hadi ndege, nyie wa huku mtaweza nini. Bessie akamjibu kwamba basi hapo umenichagulia. Ndiyo habari ilivyosimuliwa, na naiamini, kwa sababu nina shemeji. Krismasi ile mtoto alipotangaza mezani kwamba anataka urubani, shemeji alisema, "Anza kwanza kutua kwenye hesabu, una alama D." Watu wakacheka, pilau likaendelea. Mtoto akanyamaza, lakini nilimwona anavyokata kipande cha nyama.

Shule za urubani za Marekani zilimkataa Bessie zote, kwa rangi na kwa jinsia. Hata marubani weusi waliokuwepo hawakukubali kumfundisha. Abbott akamshauri aende Ufaransa. Na hapo kuna jambo ambalo watu wa ujasiri hawalizungumzii: fomu ya Ufaransa inajazwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo mpaka kucha akaanza kusoma Kifaransa palepale Chicago, akaacha kucha akachukua kazi yenye mshahara mzuri zaidi ya kusimamia mgahawa, akaweka akiba, na Novemba 1920 akapanda meli.

Shule ilikuwa Le Crotoy, kaskazini mwa Ufaransa, ya ndugu wawili wa ukoo wa Caudron. Alifundishwa kwenye ndege aina ya Nieuport 82: mbao, nyaya na kitambaa kilichopakwa dawa kikakaza. Haina breki. Unaongoza kwa fimbo iliyo katikati ya magoti na ubao wa kukanyaga miguuni, na mwalimu anakaa kiti kingine, hamsikilizani kwa kelele za injini. Alimwona mwanafunzi mwenzake akifa kwenye ajali, akaendelea na masomo. Tarehe 15 Juni 1921 akapewa leseni ya shirikisho la kimataifa la urubani. Amelia Earhart, yule rubani Mmarekani ambaye kila mtu anamjua, alipata ya shirikisho hilohilo mwaka 1923.

Akarudi nyumbani waandishi wanamsubiri. Kazi hakuna.

Hilo nalo ni la hela. Leseni unayo, nani atakuajiri? Mkate wa rubani asiye na mwajiri siku zile ulikuwa sarakasi za angani. Vita vimeisha, jeshi lina ndege za ziada linaziuza bei ya kutupa, basi marubani wanazinunua na kuzunguka mji kwa mji: wanapindua ndege juu chini, wanashuka kama wanaanguka halafu wanainuka, watu wanalipa kiingilio. Bessie aliona alichojifunza hakitoshi kwa mambo hayo, akarudi tena Ulaya mwaka 1922 kuongeza ujuzi. Tarehe 3 Septemba 1922 akafanya onyesho lake la kwanza Marekani, karibu na New York, kuwaenzi askari weusi waliopigana Ufaransa. Mwezi uliofuata akaruka Chicago, mbele ya watu waliomjua na kopo la rangi mkononi. Ningekuwepo siku hiyo!

Halafu Februari 1923, huko California. Amejinyima, amenunua ndege yake mwenyewe, Curtiss JN-4, chakavu ya jeshi, wenyewe waliiita Jenny. Watu wamejaa uwanjani Los Angeles wanamsubiri. Ameruka tu, injini ikazima, ndege ikaanguka. Mguu ukavunjika, mbavu zikavunjika, ndege ikawa kuni. Akiwa hospitali alituma ujumbe kwamba akiweza tu kutembea, ataruka. Lakini kuruka na nini? Ilimchukua muda mrefu kurudi angani ipasavyo, na mara nyingi kwa ndege za kuazima.

Naomba niwapeleke Tabora sasa. Ni hapo tu, Manyoni, Itigi, unaendelea na reli.

Aprili 1928 mwanamke aliangusha ndege Tabora. Siwatanii. Aliitwa Mary Bailey, mtoto wa mwinyi mmoja wa Ireland, mama wa watoto watano, mke wa Abe Bailey, tajiri wa migodi wa Afrika Kusini. Alikuwa ameondoka London mwezi Machi peke yake kwenye kindege chepesi aina ya Moth, anaelekea Cape Town. Misri walimzuia wakisema mwanamke hawezi kuvuka Sudan peke yake, akavuka kwa kusindikizwa na rubani mwingine. Kufika Tabora, ndege ikaharibika vibaya. Tabora, kama Dodoma, iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na jua letu linaifanya hewa kuwa nyepesi. Marubani watakwambia ndege haipendi hewa nyepesi, inakimbia sana wakati wa kutua. Unajua kilichofuata? Mumewe alimtafutia ndege nyingine. Ikaletwa, akapanda, akaendelea na safari.

Simsemi vibaya. Alifika Cape Town na akarudi Uingereza kwa ndege kupitia upande wa magharibi wa Afrika, Januari 1929, na safari hiyo si ya mtu mwoga. Miaka michache baadaye, 1932, Waingereza wakaanzisha ndege za barua na abiria kwenda Cape Town, na kituo kimojawapo kilikuwa hapahapa Dodoma, kati ya Moshi na Mbeya. Watu kama yeye walikuwa wamepita kwanza. Nasema tu kwamba wanawake wawili walianguka. Mmoja aliletewa ndege. Mwingine alirudi kutafuta mtaji.

Na mtaji aliutafuta kwa njia ambazo mimi ningezikubali zote, isipokuwa alipogoma yeye. Aligoma mara mbili. Ya kwanza, walitaka kumtengenezea filamu, hela ipo mezani. Akafika akaambiwa onyesho la kwanza aingie amevaa matambara, na fimbo, na furushi mgongoni, msichana mshamba anayeingia mjini. Akaondoka. Waliokuwa wamewekeza walimkasirikia sana, wakasema ana kichwa kigumu. Ya pili ilikuwa Waxahachie kwao, alikoruka akiwa nyota. Waandaaji walitaka mageti mawili, Wazungu kwao na weusi kwao. Akasema geti moja au haruki. Wakakubali geti moja. Ndani watu walikaa mbalimbali kama kawaida, lakini kupita walipita pamoja. Nilipomsomea mteja mmoja habari hii aliuliza, "Sasa faida ya geti ni nini kama ndani mnatengana?" Nikamwambia dada, wewe hujawahi kupitishwa mlango wa nyuma wa ofisi kwa sababu umebeba beseni. Akanyamaza, nikaendelea na kidole gumba.

Alichokitaka Bessie hakikuwa sarakasi. Alitaka shule ya urubani ya watu weusi, isiyomrudisha mtu getini. Akawa anahutubia makanisani na kwenye kumbi za sinema, anaonyesha picha za filamu za safari zake, anakusanya. Akafika Florida, akakaa Orlando kwa mchungaji mmoja na mkewe. Na hapo Orlando, ili hela ya shule ipatikane haraka, alifungua nini?

Saluni.

Niliruka kwenye kitanda saa sita usiku. Mtu ana leseni ya kimataifa, ameruka Ulaya, magazeti yameandika, na anaporudi kutafuta hela anarudi kwenye kazi yetu. Wanaomsimulia wanaipitisha saluni ile ya Orlando kwa nusu sentensi, kama kitu cha aibu kidogo. Mimi ningependa kujua alipaka watu rangi gani.

Mwaka 1926 akawa analipia Jenny nyingine, huko Dallas, kidogo kidogo. Malipo ya mwisho alisaidiwa na kijana mmoja tajiri, Edwin Beeman, ambaye utajiri wa familia yao ulitokana na bigijii. Ndiyo, bigijii, ya kutafuna. Fundi wake, William Wills, akaifuata Dallas kuileta Jacksonville kwa onyesho la tarehe 1 Mei, na njiani ikamlazimisha kutua kwa dharura zaidi ya mara moja. Injini ilikuwa imechoka. Waliomjali Bessie walimsihi asiipande.

Tarehe 30 Aprili 1926 asubuhi wakapanda. Wills kwenye usukani, Bessie kiti cha nyuma, hakufunga mkanda. Siyo uzembe, alikuwa mfupi, na kesho yake alipanga kuruka kwa mwavuli, kwa hiyo alitaka kuinuka achungulie ukingoni aone pa kutua. Ghafla ndege ikainamisha pua, ikazunguka, ikageuka juu chini. Bessie akatupwa nje. Alikuwa na miaka 34. Wills alikufa ndege ilipopiga chini, ikaja ikashika moto. Baadaye ikakutwa spana imekwama kwenye mitambo ya kuongozea. Spana. Mtu alikuwa anakaza kitu kwenye injini nzee, akaisahau.

Mwaka juzi nilinunua draya ya mtumba. Ile ya kukalia chini, ya kukaushia rola. Mwenzangu mmoja alikuwa anafunga saluni, mimi nina mkopo wa kausha damu unanipumulia shingoni, Bunge la bajeti linakaribia, na wakati wa Bunge ndio sisi tunaishi. Draya mpya ilikuwa mara nne ya bei. Nikachukua ya mtumba. Wiki mbili ikafanya kazi kama malaika, ya tatu nikasikia harufu nikadhani ni jirani anachoma mahindi. Kumbe ni nywele za mteja wangu. Nilichomoa waya kwa mkono uliolowa, Mungu alinihurumia. Ndani, fundi alinionyesha skrubu iliyolegea imeangukia kwenye nyaya. Mama wa watu alipoteza nywele za kisogoni, nikamrudishia hela, nikamsuka bure mara tatu, na marafiki zake wote wakahama msimu mzima.

Kila nikiisoma spana ile naiona skrubu yangu. Mtu aliyenunua chakavu hajanunua kwa sababu haoni kwamba ni chakavu.

Kuna kitu kidogo kimoja cha tarehe, nilikigundua mwenyewe nikiwa naandika pembeni mwa daftari la mauzo. Bessie alikufa tarehe 30 Aprili 1926. Mary Bailey, na ndege yake ya pili, alitua Cape Town tarehe 30 Aprili 1928. Siku ileile, miaka miwili kamili. Haimaanishi kitu, najua.

Waliomzika walimuaga mara tatu: Jacksonville, Orlando, na Chicago, ambako maelfu walifika na ibada iliongozwa na Ida B. Wells, yule mama mwandishi aliyepambana na mauaji ya weusi. Shule hakuifungua. Lakini mwaka 1929 William Powell akaanzisha klabu ya urubani Los Angeles kwa jina lake. Kuanzia 1931 marubani weusi wakawa wanaruka juu ya kaburi lake Chicago na kudondosha maua. Chicago hiyohiyo, Willa Brown na Cornelius Coffey waliendesha shule iliyofundisha vijana weusi, na wapo walioishia kwenye kikosi cha marubani weusi wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1992 Mae Jemison, mwanamke wa kwanza mweusi kwenda anga za juu, alikwenda na picha ya Bessie. Stempu ya posta ikatoka 1995, na mwaka 2023 akawekwa kwenye sarafu ya robo dola. Mtoto alipoiona sarafu hiyo kwenye simu alisema, "Wamempa hela sasa." Sikumfundisha mimi maneno hayo.

Likizo ilipoisha hakutaka kurudi Singida. Tukakubaliana na dada amalizie shule huku kwangu, hesabu anafundishwa jioni na kijana wa chuo anayekaa jirani. Ada ya urubani nimeshaulizia. Nilikata simu taratibu, nikapika chai.

Ila Kifaransa kimeanza. Amejifunza "bonjour" kwenye simu akawa anaisema kwa kila anayeingia, mpaka siku moja akamwambia mama mmoja Mkongo, muuza vitenge wa Majengo. Mama wa watu akafurahi, akamwaga Kifaransa kama mvua za Januari, mtoto akabaki mdomo wazi. Mteja huyo sasa anakuja kila Ijumaa ya pili, anapenda kucha ndefu za mlozi, rangi ya divai. Anakaa, ananipa mkono wa kushoto, na kwa muda wote ninaopaka mtoto anakaa karibu naye anarudia maneno. Juzi walikuwa kwenye tarakimu. Ndege ikashuka wakiwa kwenye kumi na saba, nikainua brashi, wao wakaendelea kwa sauti ya juu zaidi.

Kwenye daftari nimeandika: jeli, 20,000. Punguzo, 5,000, Kifaransa.